Mbwa, Mchanga na Maradhi Yasiyoacha Yai

Watu wa pwani ya Kilwa na Lindi wamejua tangu zama za mababu kujihadhari na mbwa kwa sababu mbili, moja ya mwili na moja ya dini: meno yake yaweza kuleta kichaa ambacho kikishadhihiri hakina tiba, na mate yake ni najisi ambayo, kwa madhehebu ya Imamu Shafii, haiondoki chomboni ila kwa kuoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Sababu hizo zimemweka mbwa mbali na kizingiti cha nyumba, mbali na jamvi la barazani na mbali na mkono wa mtoto, na katika jambo hilo hekima ya wazee haina shaka. Walakini iko sababu ya tatu, isiyokaa katika meno wala katika mate, ambayo mlango uliofungwa hauizuii wala chombo kilichooshwa hakiiondoi. Imo katika kinyesi ambacho mbwa hukiacha chini ya mkorosho, kando ya vichanja vya dagaa, au juu ya mchanga penye kivuli cha minazi, akaenda zake, na mvua ikaja ikakisambaza hata pasionekane kitu.

Katika kinyesi hicho, aghalabu, mna mayai ya mnyoo ambaye wataalamu humwita Ancylostoma caninum, nasi kwa lugha yetu twaweza kumwita safura wa mbwa. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mnyoo huyo akikosea njia akaingia katika mwili wa binadamu hafiki mbali, bali hutangatanga ngozini mpaka akafa. Dhana hiyo ilivunjika mwaka 1990, na tangu hapo imepatikana ithibati ya kwamba mnyoo mmoja tu, ambaye urefu wake hauzidi sana sentimita moja na nusu, aweza kuufikia utumbo wa mtu, akauuma, na kumletea maumivu makali ambayo madaktari wamewahi kuyadhania kuwa ni ya kidole tumbo, wakamlaza mgonjwa juu ya kitanda cha upasuaji. Maradhi hayo yana tabia moja inayopasa kusemwa mapema kwa kuwa ndiyo kiini cha makala haya: kwa kawaida hayaachi yai katika choo cha mgonjwa, na mahali ambapo yai ndilo shahidi pekee anayesikilizwa maabara, mgonjwa asiye na yai huambiwa kuwa hana kitu.

Njia ya unyayo

Hapana budi kuanza na ndugu wawili wa mnyoo huyo ambao makao yao ya asili ni binadamu, yaani Necator americanus na Ancylostoma duodenale, wanaoishi katika miili ya watu zaidi ya milioni 400 duniani. Jike la minyoo hao hutaga mayai kwa maelfu kila siku, nayo hutoka na choo. Yakiangukia mchanga wenye joto, unyevu na kivuli, huanguliwa kwa muda wa siku moja au mbili, na viluwiluwi wake, baada ya kujivua ngozi mara mbili, huwa tayari kumwingia mtu zipatapo siku tano hadi kumi. Hapo hupanda juu ya chembe ya mchanga au ncha ya jani wakingoja joto la unyayo, na wakilipata hupenya ngozi, huingia katika mishipa ya damu, hupita moyoni hata mapafuni, hupanda kooni, humezwa, na ndipo wanapofika katika utumbo mwembamba, ambako huuma ukuta wake na kunywa damu kwa mwaka mmoja, miwili au zaidi. Mtu aliyelemewa na wengi hupauka viganja na kope, huvimba uso na miguu, huhema kwa kazi ndogo, na wengine hushikwa na uchu wa kula udongo; mtoto huchelewa kukua kwa kimo na kwa fahamu, na mjamzito huifikia siku ya uchungu akiwa na damu haba.

Njia hiyo ya unyayo haikugunduliwa na mtu aliyeitafuta. Katika mji wa Kairo, mwishoni mwa karne ya 19, mwanazuoni Mjerumani Arthur Looss alikuwa akiwalisha wanyama wadogo wa maabara viluwiluwi wa safura, tone la maji yale likamdondokea mkononi. Ngozi ikawasha na kuwa nyekundu, na baada ya majuma kadhaa akakuta mayai ya safura katika choo chake mwenyewe. Alipotangaza habari hiyo wengi hawakumsadiki, kwa hiyo akatafuta ushahidi usiokanika: aliweka maji yenye viluwiluwi juu ya mguu wa mvulana uliokuwa ukatwe hospitalini muda mfupi baadaye, na ngozi ya mguu ule ilipokaguliwa kwa hadubini, viluwiluwi walionekana wakiwa wamekwisha kupenya. Kisha, ili ajue wanakokwenda wakishaipita ngozi, alitumia mbwa pamoja na mnyoo wa mbwa, hata ikawa safura ya mnyama ndiyo iliyowafunza wanadamu njia ya safura yao, miongo mingi kabla ya kutambulika kwamba mnyoo yule wa mafunzo naye alikuwa na uwezo wa kufika katika tumbo la mwanadamu.

Ndani ya mbwa, mnyoo huyu hufuata mwendo ule ule, akiwa na silaha kali zaidi, kwani kinywani mwake mna jozi tatu za meno ilhali Ancylostoma duodenale wa binadamu ana jozi mbili. Ana hila nyingine pia. Si viluwiluwi wote wanaokwenda utumboni. Baadhi hujificha katika misuli ya jike, wakalala humo kwa miezi mingi bila ya kula wala kukua, mpaka jike azaapo, ndipo wanapoamka na kupita katika maziwa hata wakawaingia watoto wake. Ndiyo sababu watoto wa mbwa huanza kumwaga mayai mchangani wakiwa wadogo mno, na wengine hufa kwa kuishiwa damu kabla hawajaizoea vizuri dunia. Mwenye kutaka kujua hatari iko wapi katika kijiji, basi asimtazame mbwa mkubwa alindaye shamba peke yake, bali amtazame jike mwenye kunyonyesha na kitoto chake chenye tumbo kubwa na fizi nyeupe.

Kwa mwanadamu, sehemu kubwa ya viluwiluwi wa mbwa huishia katika ngozi, ambako huchimba mstari mwekundu uliopindapinda, wenye kuwasha usiku na kusogea kidogo kila uchao. Aliye hodari zaidi katika udhia huo ni ndugu yake mwingine, Ancylostoma braziliense, ambaye hukaa kwa mbwa na kwa paka pia. Na hapa msomaji wa pwani na azingatie kwamba paka, ambaye kisheria ni tohara na ambaye huachwa kulala mpaka msikitini, naye huweza kuiacha mchangani mbegu ya mwasho huo. Hukumu ya tohara na hukumu ya siha ni elimu mbili. Zinakutana mara nyingi, ila si kila mara.

Yaliyoonekana Townsville

Mji wa Townsville uko ufukweni, kaskazini mwa jimbo la Queensland, Australia, katika ukanda wa joto na mvua za msimu. Wakazi wake wana vyoo vya maji na maji safi ya bomba, hivyo safura ya binadamu haikuwa na nafasi kwao. Lakini ni watu wapendao kufuga mbwa, kulima bustani, na kutembea pekupeku juu ya majani ya nyua zao. Katika miaka ya 1980, tabibu wa magonjwa ya tumbo aitwaye John Croese aliona mjini humo wagonjwa wengi kuliko kawaida wenye maumivu ya tumbo ya kukata, ambayo kwa wengine yalikuja na kuondoka, na kwa wengine yalizidi hata wakapasuliwa. Sehemu ya mwisho ya utumbo wao mwembamba ilikuwa imevimba na kujaa chembe nyeupe za damu za aina ya eosinofili, ambazo mwili huziongeza unapopambana na minyoo au na kitu usichopatana nacho; walakini vyoo vyao vilipopimwa havikuwa na yai hata moja.

Kitendawili hicho kilipata jibu pale mnyoo mmoja mmoja alipoanza kuonekana katika utumbo wa wagonjwa, ama katika kipande kilichokatwa wakati wa upasuaji, ama kwa kifaa chenye taa kinachopitishwa ndani ya utumbo. Paul Prociv, mtaalamu wa vimelea wa Chuo Kikuu cha Queensland, aliyahesabu meno yake, akamtambua: safura wa mbwa. Yeye na Croese waliichapisha habari hiyo katika jarida la The Lancet mwaka 1990, na tafiti zilizofuata ziliongeza kipimo cha damu chenye kuonyesha kwamba wagonjwa wa aina ile walikuwa wamekwisha kukutana na mnyoo huyo. Wengi wao walikuwa na mbwa nyumbani, na dawa za kawaida za minyoo ziliwaponya. Baadaye madaktari wa Misri nao walieleza wagonjwa wa maumivu ya tumbo yenye kurudiarudia waliohusishwa na mnyoo wa namna hiyo hiyo, kwa hiyo haikuwa ajabu ya Australia peke yake.

Iko nukta moja zaidi ya kutoka Queensland ambayo ina manufaa kwa mama mwenye bustani ya mchicha. Katika jaribio dogo lililochapishwa mwaka 2003, mtu mmoja aliyejitolea alipewa viluwiluwi wa mbwa kwa njia ya ngozi na, wakati mwingine, kwa njia ya kinywa. Waliopita kinywani ndio waliopandisha eosinofili katika damu yake, na waliopita ngozini hawakufanya hivyo. Jaribio la mtu mmoja si hukumu ya mwisho, lakini laashiria kwamba unyayo si mlango wa pekee, na kwamba mboga isiyooshwa vema, pamoja na vidole vya mtoto vilivyotoka mchangani vikaenda moja kwa moja kinywani, huenda vikawa njia fupi zaidi ya kufika tumboni.

Kwa nini mnyoo mmoja anatosha

Msomaji atauliza kwa haki: iweje safura ya binadamu, ambayo mtu hubeba minyoo kumi au mia kwa miaka bila ya kulalamika kwa maumivu, iwe na utulivu kuliko mnyoo mmoja wa mbwa? Jibu ni kwamba mnyoo wa binadamu amezoeana na mwenyeji wake. Hutoa mate yenye kuutuliza ulinzi wa mwili, akanywa damu kimya kimya, na madhara yake huja polepole kwa jumla ya hasara ya kila siku. Mnyoo wa mbwa hana mazoea hayo. Mate yake, yaliyoumbwa kwa utumbo wa mnyama mwingine, huushtua mwili wa mtu, nao huleta majeshi ya eosinofili mahali alipouma. Ukuta wa utumbo hufura, na maumivu anayoyasikia mgonjwa yatokana na vita vyenyewe zaidi kuliko kidonda cha meno. Katika vita hivyo mnyoo naye hushindwa kutimia, kwani kwa kawaida hafikii kuzaa, na hiyo ndiyo sababu ya kutokuwako kwa yai. Katika miaka ya karibuni uchunguzi wa vinasaba umepata alama za mnyoo wa mbwa katika choo cha watu huko India na Afrika Kusini, na wataalamu wangali wanajadili maana yake. Lakini kwa tabibu aliye mbele ya mgonjwa, kanuni ya kale ingali salama, ya kwamba choo kisicho na yai si ushahidi wa utumbo usio na mnyoo.

Mate hayo hayo yana upande mwingine ambao haustahili kuachwa. Mwaka 1904, Leo Loeb na A. J. Smith walionyesha huko Marekani ya kuwa mwili wa safura wa mbwa una kitu kinachozuia damu isigande, jambo la lazima kwa kiumbe ambaye riziki yake ni kidonda kisichofunga. Karibu miaka 100 baadaye, kiini kimoja cha mate yale kilitengenezwa maabara kikawa dawa ya majaribio, na mwaka 2003 ilitangazwa kwamba baadhi ya nyani walioambukizwa Ebola walinusurika walipopewa dawa hiyo, kwa sababu Ebola huua kwa kuuvuruga mgando wa damu. Hivyo ndivyo mdudu adhaniwaye kuwa wa jalalani alivyoingia katika mazungumzo ya ugonjwa ulioitia simanzi Uganda na Kongo.

Mchanga wa Kilwa

Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, aliandika pamoja na mengine mambo mawili yanayotuhusu: kwamba mvua za nchi hiyo ni nyingi, na kwamba watu wake ni wachaji wa madhehebu ya Shafii. Hali hizo mbili zimedumu. Mvua za kusini huanza kunyesha mwishoni mwa mwaka na kuendelea mpaka masika, nazo huukuta mchanga wa pwani ukiwa chini ya kivuli kinene cha minazi, miembe na mikorosho, kuanzia Somanga na Njia Nne hata Kivinje na Masoko, na kutoka huko hata Mchinga, Lindi mjini na Mingoyo. Joto, unyevu, kivuli na mchanga usiokuwa mgumu: mambo manne anayoyataka kiluwiluwi yote yapo, na jua kali la adhuhuri, ambalo ndilo adui yake mkuu, halifiki chini ya mkorosho uliotanda.

Bahari nayo ni kinga. Mchanga unaooshwa na maji ya chumvi kila maji yajaapo hauwaweki viluwiluwi, kwa hiyo mama anayekwenda kuokota chaza au kutafuta pweza juu ya mwamba hana hofu mguuni kwa ajili ya safura. Hofu iko juu ya ule mstari wa mabaki ya mwani ambao maji hayaupiti: hapo ndipo ngalawa hupandishwa na kupigwa kalafati, nyavu hushonwa, dagaa huanikwa, watoto hucheza, na mbwa koko, walioitwa na harufu ya samaki, hufanya makao. Mchezo wa mpira wa jioni chini ya minazi, wenye kuleta furaha isiyo na gharama, huchezwa pekupeku mahali pale pale.

Mtu wa mjini aweza kusema kwamba Kilwa haina mbwa wengi, na kwa kulinganisha na mikoa ya wafugaji hakukosea. Lakini mbwa wachache si mbwa haba kwa kazi yao. Katika vijiji vya bara ya Kilwa, na katika vilima vya Matumbi, mkulima asiye na mbwa hulilinda shamba lake mwenyewe usiku kucha dhidi ya nguruwe mwitu, na mchana dhidi ya nyani na ngedere. Mbwa kwake ni zana kama lilivyo jembe. Fauka ya hayo, tangu mwaka 2006 na 2007, wafugaji walipohamishwa kutoka bonde la Usangu na Ihefu, mikoa ya Lindi na Pwani imepokea makundi makubwa ya ng'ombe, na pamoja na ng'ombe wamekuja mbwa wa kuchunga. Mbwa hao wote, wa shamba, wa zizi na wa ufukweni, wana jambo moja la kufanana: ni wachache mno waliopata kumeza dawa ya minyoo.

Sasa na tumfikirie mgonjwa. Mtu mwenye tumbo la kukata hufika zahanati ya kijiji, au Hospitali ya Kinyonga iliyoko Kilwa Kivinje, au Nyangao, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine mjini Lindi, hutakiwa kuleta choo, choo huwekwa chini ya hadubini, na yasipoonekana mayai huambiwa, "Mama, huna minyoo." Jibu hilo ni la kweli kwa kadiri ya kile kilichoangaliwa. Hata kwa safura ya binadamu kipimo hicho chahitaji haraka, kwani katika namna ya upimaji inayotumiwa sana kwenye uchunguzi wa vijijini, mayai ya safura huyeyuka machoni pa mpimaji yasipotazamwa kwa muda wa nusu saa au saa moja. Sembuse mnyoo ambaye hana yai la kuonyesha. Kifaa cha kutazamia ndani ya utumbo ni kitu cha hospitali kubwa kama Muhimbili, wala si haki kumwambia mvuvi wa Songosongo asafiri kwa ajili ya tumbo linalokuja na kuondoka. Kipo, hata hivyo, kipimo cha karibu zaidi: hesabu ya chembe za damu, ambayo mashine zake zimekwisha kuenea, huonyesha kama eosinofili zimepanda. Zikipanda si yakini ya mnyoo wa mbwa, kwa maana kichocho, matende na minyoo mingine ya pwani huzipandisha pia. Lakini zikipanda kwa mtu mwenye maumivu ambaye choo chake ni kisafi, tabibu mwenye busara hupata sababu ya kutoa dawa ya minyoo kabla ya kunoa kisu.

Kidonge kwa mtu, kidonge kwa mbwa

Dawa yenyewe si ngeni. Tangu mpango wa kutokomeza matende na mabusha ulipoanzishwa kisiwani Mafia mwaka 2000 na kuenea mikoa ya pwani, watu wa Kilwa na Lindi wamepangwa mistari mbele ya wagawa dawa wa vijiji, wakapimwa kimo kwa fimbo, wakameza kingatiba ya ivermektini pamoja na albendazoli. Albendazoli hiyo hiyo, kidonge kimoja cha miligramu 400, huua safura ya binadamu, nayo hutumika dhidi ya mnyoo wa mbwa aliye utumboni. Basi yawezekana kabisa kwamba katika miaka hiyo watu waliokuwa na maradhi haya wametibiwa bila ya wao kujua na bila ya mgawaji kujua. Neema hiyo ina mwisho wake. Matende yakipungua hata kufikia kiwango kilichowekwa, ugawaji kwa watu wote husimama, kama ulivyokwisha kusimama katika wilaya nyingi nchini, na kingatiba ya minyoo hubaki kwa watoto wa shule; mkulima, mvuvi na mpaa samaki wa miaka 40 hubaki na mchanga wao na mbwa wao. Mafanikio ya vita dhidi ya ugonjwa mmoja yasiwe pazia la kuuficha mwingine.

Kwa hiyo mlango wa pili wapasa kufunguliwa, nao ni wa mbwa mwenyewe. Katika mwongo wa 2010 mikoa ya kusini mashariki, Lindi na Mtwara ikiwamo, iliingia katika mradi mkubwa wa kuchanja mbwa dhidi ya kichaa, uliofanywa na serikali kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na wakfu wa Bill na Melinda Gates. Ndipo ilipodhihirika kwamba mkulima wa kusini, aliyesemwa kuwa hamjali mbwa, huamka alfajiri na kumfunga kamba, akamtembeza mpaka kituo cha chanjo. Kila mwaka tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, chanjo kama hizo huhimizwa tena. Mbwa akishafika mbele ya afisa mifugo, akiwa ameshikwa na mwenyewe, kazi ngumu imekwisha. Kumtia kidonge cha minyoo kinywani kabla ya kumwachia ni kazi ya dakika moja. Kidonge cha mara moja kwa mwaka hakitoshi, hasa kwa watoto wa mbwa, ambao hupaswa kupewa dawa tangu wakiwa na majuma mawili na kurudiwa kila baada ya majuma mawili mpaka waachishwe kunyonya, pamoja na mama yao. Walakini ni mwanzo, na chafunza mazoea. Itumiwe dawa kwa kipimo na kwa ushauri wa wataalamu, kwani huko Marekani, katika mbwa wa mbio waliozoeshwa dawa bila kikomo, wamekwisha kupatikana safura wasiojali aina yoyote ya dawa zilizozoeleka.

Atakayesema kwamba kumhudumia mbwa si desturi ya Muislamu na arejee katika sheria yenyewe. Hadithi sahihi zimemruhusu mtu kuweka mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba, na hao ndio mbwa wa Kilwa. Na Waislamu wote wanajua habari ya mtu aliyeshuka kisimani akamtekea maji mbwa aliyekuwa na kiu, akasamehewa dhambi zake. Tena, katika madhehebu ya Shafii kinyesi cha mbwa ni najisi nzito kama yalivyo mate yake, kwa hiyo mwenye kukizoa uani kila asubuhi kwa jembe akakitia katika shimo la choo ametimiza haja mbili kwa tendo moja: ameiondoa najisi uani, na amewawahi viluwiluwi, ambao huhitaji siku tano au zaidi kabla ya kuwa na nguvu za kumdhuru mtu. Hotuba ya Ijumaa yaweza kulisema hilo kwa uzito ambao bango la afya halina.

Yaliyobaki ni ya kila nyumba na hayana gharama kubwa. Kandambili zivaliwe shambani na uani, si njiani tu; mkeka utandikwe kabla ya kukaa chini ya mnazi; mchicha na matembele yaoshwe kwa maji mengi, jani kwa jani; mikono ya watoto ioshwe kabla ya chakula hata kama chakula ni embe bichi; na watoto wacheze penye jua au penye mchanga unaofikiwa na maji ya bahari, wakiuacha mchanga wenye kivuli na nyayo za mbwa.

Kwa waganga wa vituo vyetu, rai ni fupi. Mgonjwa akija na maumivu ya tumbo yanayorudi, choo chake kikiwa hakina yai, na aulizwe maswali matatu kabla hajaandikiwa dawa ya vidonda vya tumbo kwa mara ya nne: una mbwa nyumbani au shambani, huvaa nini mguuni unapolima, na umepata kuwashwa na mstari mwekundu katika ngozi? Majibu yake huandikwa katika daftari la kituo, na daftari la zahanati likiwekwa mwishoni mwa mwaka mbele ya mganga mkuu wa wilaya na afisa mifugo wake, wakiwa wamekaa meza moja, ndilo litakalowaambia ni vijiji vipi vya kupelekewa kwanza vidonge vya mbwa.